Tuna milioni 18 za klabu ya roboti: FLL, WRO, VEX au FTC?

MwekaHazina_Temeke

Wakuu, heshima zenu. Sisi ni chama cha wahitimu wa sekondari moja ya serikali hapa Temeke. Tumechanga milioni 18 za kuibeba klabu ya roboti kwa miaka miwili. Klabu ina wanafunzi 30, kidato cha kwanza hadi cha tatu, na walimu wawili, wa fizikia na wa kompyuta. Chumba cha kompyuta kina mashine 14 zinazowaka, karibu zote Windows 7. Kila anayetushauri anakuja na jina lake la mashindano ya roboti: FIRST LEGO League (FLL), WRO, VEX, FTC (FIRST Tech Challenge), FIRST Global. Baadhi ya wanakamati wanataka zile roboti kubwa za FTC na VEX kwa sababu zinavutia wafadhili. Mimi nataka pesa iwaguse wanafunzi wengi na isiishie mwaka wa kwanza. Tushike lipi?

Mkufunzi_Kijitonyama

Mkuu, kabla ya kuangalia roboti angalia kalenda ya masomo. Msimu wa FLL hufunguliwa Agosti na wa FTC Septemba, halafu mashindano yanaendelea hadi mwaka unaofuata. Kwetu hapo katikati kuna mitihani ya Novemba na likizo ya Desemba. Mwanafunzi aliyeanza msimu akiwa kidato cha tatu anarudi Januari akiwa kidato cha nne, na shule nyingi huwaondoa kidato cha nne kwenye klabu. Timu inavunjika msimu ukiwa nusu. WRO, yaani World Robot Olympiad iliyoanza 2004, inakwenda kinyume chake: kanuni hutoka mwanzoni mwa mwaka na fainali ya kimataifa huwa Novemba, kwa hiyo mashindano ya ndani ya nchi lazima yatangulie. Timu inaanza na kumaliza ndani ya mwaka mmoja wa masomo, na likizo ya Juni inabaki kuwa muda wa mazoezi.

Jambo la pili ni ukubwa wa timu. FLL Challenge, ngazi ya FLL inayowafaa wanafunzi wenu, inaruhusu hadi wanafunzi 10 kwa roboti moja. Inawezekana kwa sababu mchezo wa roboti ni robo tu ya alama. Robo nyingine ni usanifu wa roboti, robo ni mradi wa utafiti, na robo ni namna timu inavyoshirikiana. Ikiwa mwalimu hausimamii mradi kwa dhati, wanafunzi wawili watashika roboti na wanane watatazama. WRO ni wanafunzi 2 au 3 kwa timu, hakuna pa kujificha, lakini kwa watoto 30 utahitaji timu 10. Msinunue seti 10. Nunueni 5, na timu mbili zinazotumia seti moja zikubaliane umbo moja la chini: magurudumu, mota mbili za kuendeshea na sensa. Kila timu ibadilishe mkono wa mbele tu. La sivyo kila siku ya klabu roboti ya wenzao inabomolewa, na hakuna anayefika kwenye kuandika programu.

FTC ni nzuri sana, ila si kwa kuanzia. Uwanja wake ni mita 3.66 kwa 3.66, na kila mechi ina roboti nne, mbili dhidi ya mbili. Shule iliyo peke yake haiwezi kufanya mazoezi ya mechi halisi. VEX V5, seti ya VEX ya sekondari, ina shida hiyohiyo. FIRST Global, iliyoanza 2017, inachukua timu moja kwa nchi nzima, kwa hiyo huo si mpango wa klabu ya shule.

Kura yangu: mwaka wa kwanza WRO RoboMission, kundi la WRO ambapo roboti inayojiendesha inafanya kazi ilizopangiwa juu ya meza. Mwaka wa pili ongezeni FLL kwa kidato cha kwanza na cha pili.

Fundi_Meza

Naunga mkono, na kuna sababu ya kimeza pia. Uwanja wa FLL na wa RoboMission una vipimo vya ndani vilevile, milimita 2362 kwa 1143. Meza moja inatumika kote.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Michoro ya Marekani inasema uchukue plaiwudi ya futi 8 kwa 4 na kuipigia ukingo wa mbao ya mbili kwa nne juu yake. Mbao yao ya mbili kwa nne ina unene wa milimita 38. Ya kwetu isiyopigwa randa inakaribia 50. Plaiwudi ina urefu wa milimita 2440. Ukitoa ukingo wa 50 pande zote mbili unabaki na 2340, na mkeka uliochapwa ramani ya mchezo hauingii. Mwambieni fundi seremala, hata hapo Keko, apige randa hadi 38, au ukingo aufunge ubavuni mwa plaiwudi, nje, kisha ndani apunguze kwa ubao mwembamba mpaka apate 2362. Kimo cha ukingo hakilingani kati ya mashindano haya mawili: WRO ni milimita 50, FLL ni karibu 77. Fungeni kwa skrubu, si misumari, ili ubadilishwe.

Tumieni plaiwudi ya milimita 18 yenye mataruma matatu chini. Isiegemezwe ukutani, kwa unyevu wa Dar itapinda, na roboti itakuwa inavutwa upande mmoja wakati programu haina kosa.

Mkeka wa WRO huchapwa kutoka kwenye faili wanayoitoa. Kwenye maduka ya mabango mwambieni mchapaji asiupunguze ili uenee kwenye roli, kisha upimeni kwa futi ya kupimia kabla ya kulipa. Chagueni turubai isiyong'aa. Inayong'aa inarudisha mwanga wa taa na sensa inaona nyeupe palipo na mstari mweusi. Ukunjeni kama jamvi, msiukunje kama shati.

Fundi_Saketi

Naongezea kuhusu vifaa. Programu ya LEGO SPIKE Prime, seti ya roboti inayotumika WRO na FLL, inahitaji Windows 10 au zaidi, kwa hiyo mashine zenu za Windows 7 zibaki kwa kuandikia daftari la uhandisi, yaani kumbukumbu za kazi ya timu. Nunueni kompyuta mpakato tano zilizotumika. Seti hufanya kazi kwa waya wa USB, msizikatae zisizo na bluetooth nzuri. Sasisho za seti zote zifanyike siku moja penye intaneti. EV3, seti ya LEGO ya zamani, msiguse hata mkiletewa kwa bei ya kutupa: iliondolewa sokoni 2021, na betri zake za zamani huvimba.

Sensa ya rangi ya SPIKE ifungwe takriban milimita 16 juu ya mkeka. Msome nyeupe, msome nyeusi, mchukue wastani: ikisoma 96 na 12, mpaka wenu wa kutenganisha nyeupe na nyeusi ni 54. Namba hizo zisomwe upya mahali pa mashindano, kwa sababu darasa lenye madirisha wazi saa nne asubuhi si ukumbi wenye taa.

Forodha: kasha lenye jina la LEGO linaweza kuwekwa kwenye kifungu 9503 cha vifaa vya kuchezea. Mwambieni wakala apeleke mapema barua ya shule na maelezo ya bidhaa, aombe kifungu 9023 cha vifaa vya kufundishia. Mzigo ukishaanza kuhesabiwa siku za ghala, mabishano yanagharimu.

Kwa wale wa kidato cha tatu wenye hamu ya umeme, WRO ina Future Engineers: gari linalojiendesha, mizunguko mitatu, lisizidi milimita 300 kwa 200, kimo 300, kilo 1.5. Sehemu nyingi zinapatikana Kariakoo. Epukeni L298N, saketi ya kuendeshea mota, inakula karibu volti 2, na betri mbili za lithiamu zenye jumla ya volti 7.4 zinabaki kama 5.4 kwenye mota. TB6612FNG ni bora. Servo (mota ya kugeuza usukani) na Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya gari) zisichote umeme kwenye kipunguza volti kimoja, maana servo ikikaza Pi inajizima na kuwaka upya.

MwekaHazina_Temeke

Asanteni sana wakuu. Mgawanyo wa pesa?

Mkufunzi_Kijitonyama

Makadirio, si bei ya duka: seti 5 na vipuri vya nyongeza, pamoja na usafiri na kodi, milioni 9. Kompyuta tano, milioni 2.5. Meza na mikeka, milioni 1. Milioni 5.5 zilizobaki msiziguse hadi ratiba ijulikane: hizo ni ada, nauli, chakula siku ya mashindano, waya na mkeka wa mwaka wa pili.

Kabla ya kununua chochote, mwandikieni mwandaaji wa kitaifa na mdai majibu ya maandishi: tarehe na ukumbi, timu ngapi zilishiriki mwaka jana, na nani analipa visa na tiketi timu ikishinda. Asipotoa tarehe, tafuteni shule tatu za jirani na muandae mechi zenu wenyewe mwezi Juni kwa kanuni zilezile. Na walimu wote wawili wafundishwe, si mmoja. Uhamisho ukimkuta aliyejua peke yake, seti zinafungiwa kabatini.