Saa ya swichi: kuuliza intaneti, swichi kuu, au seva ndogo?

Mwana_Kamalondo
Jambo yenu. Niko na swichi za Cisco (vifaa vya kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) kwenye majengo matatu hapa Lubumbashi, pamoja na ofisi moja Kinshasa. Umeme ukikatika kisha ukarudi, zile ndogo zinaamka tarehe 1 Machi 1993, maana hazina betri ya saa. Juzi mtu amehamisha porti za uhasibu kwenye VLAN nyingine (mtandao uliotengwa ndani ya swichi). Nafungua logi (kumbukumbu ya matukio), nakuta `*Mar 1 00:14:07`. Aliingia saa ngapi? Hakuna anayeweza kusema. Nifanye kila swichi iulize saa intaneti, swichi kuu iulize na kuzigawia nyingine, au niweke seva ya Linux yenye chrony (programu ya kulinganisha na kugawa saa)?

Fundi_Ruashi
Ya kwanza achana nayo. Kuruhusu swichi zote zitoke nje kwa UDP 123 (porti ya NTP, itifaki ya kulinganisha saa) ni kazi kubwa ya ulinzi bila faida. Mimi nachagua swichi kuu, ila orodha za ruhusa ziwe mbili:

`ntp access-group peer 10`
`ntp access-group serve-only 20`

Ya 10 ina adresi za seva unazoziuliza wewe, ya 20 ina mtandao wa swichi zako. Watu wengi wanaandika serve-only peke yake. Ukishaweka hata kundi moja, ambaye hakutajwa anakataliwa, hata seva yako ya juu. Hapo swichi kuu inabaki stratamu 16, yaani haijalinganishwa na seva yoyote, na mtu anahangaika na kebo bure.

Katuba_Net
Yaya, ufunguo wa MD5 hautoshi? Nikiandika `ntp authenticate` si nimefunga?

Fundi_Ruashi
Hapana, mdogo wangu. Ufunguo unamhakikishia anayeuliza kwamba jibu limetoka kwa seva ya kweli. Asiye na ufunguo bado anaweza kuuliza na akajibiwa. Kuzuia ni kazi ya orodha. Weka vyote viwili.

Mama_Seva
Mimi naenda na chrony. Haimgawii mtu yeyote saa mpaka uandike `allow` na mtandao wako, kwa hiyo inaanza ikiwa imefungwa. Tena mashine hiyohiyo inapokea logi. Iwe tu kwenye UPS (betri ya akiba) nzuri, la sivyo umeme ukienda umepoteza saa na logi pamoja.

Na msiseme "ni mtandao wa ndani tu". Mashambulizi makubwa ya 2014 yalipita kwenye seva za NTP zilizoachwa wazi: swali dogo la monlist (amri ya kuomba orodha ya waliowasiliana na seva) liliweza kurudisha orodha ya adresi mpaka 600, zikimwangukia mtu ambaye hakuuliza chochote, ila adresi yake ilighushiwa.

Mwana_Kamalondo
Aksanti Mama. Na logi zenyewe? Sasa hivi ziko kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya swichi.

Mama_Seva
Bafa iko kwenye RAM, umeme ukikatika inafutika yote. Weka `logging host` ielekee seva. Ongeza `ntp logging`, uone saa inapopotea na inaporudi. Ukitaka kujua nani aliandika amri gani, ingia `archive`, kisha `log config`, uwashe `logging enable`, `notify syslog` na `hidekeys`. Kwa kisa chako cha VLAN, hii ndiyo ingekupa jibu: jina la mtumiaji na amri yenyewe.

Syslog (njia ya kutuma logi kwa seva) ya UDP 514 haina uhakika wa kufika. Laini ya Kinshasa ikianguka, ujumbe wa wakati huo umepotea. Kwa hiyo usizime bafa.

Katuba_Net
Kinshasa wako UTC+1 (saa moja mbele ya saa ya kimataifa, UTC), sisi UTC+2. Logi ziandikwe saa ya wapi?

Fundi_Ruashi
UTC kote. Ukichanganya, tukio moja litaonekana limetokea saa mbili tofauti, na utamlaumu mtu asiye na kosa. Weka `service timestamps log datetime msec show-timezone`.

Mwana_Kamalondo
Basi: chrony kwenye UPS, swichi kuu iulize hapo na kugawa kwa orodha mbili, logi kwa UTC. Nitajuaje imeshika?

Fundi_Ruashi
`show ntp associations`. Nyota mbele ya adresi ya seva inamaanisha swichi inaifuata. Kwenye logi ni kinyume: nyota mbele ya tarehe inamaanisha saa hiyo si ya kuaminika, na nukta inamaanisha ilikuwa sawa kisha imepoteza seva. Subiri dakika kadhaa, usiiwashe upya kwa haraka.