Naomba ushauri: kutoka wizarani kwenda kuongoza kampuni binafsi

Wakuu, habari za kazi. Mwanamke mwenye miaka 14 serikalini hapa Tanzania amepewa nafasi ya ukurugenzi wa rasilimali watu kwenye kampuni binafsi. Mshahara mzuri, ila pensheni ndiyo inayotia hofu. PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma) anakatwa asilimia 5, mwajiri anachangia 15. Akihamia NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi) kwa kawaida ni 10 kwa 10, yaani makato yake yanakuwa maradufu kabla hata ya kodi. Halafu michango yake ni miezi 168, wakati pensheni inataka isiyopungua 180. Je, amalizie mwaka mmoja kwanza, au ajiuzulu sasa na vipindi vya mifuko yote miwili vijumlishwe? Mliowahi kushughulikia ujumlishaji huo, nyaraka zipi hukwamisha?