Faili imebadilika yote na hukuigusa? Tupeane uzoefu

Wadau, hamjambo. Jana nusu siku imeniishia bure. Nimerekebisha mstari mmoja, Git (programu inayofuatilia mabadiliko ya faili) inasema nimebadilisha yote 1,200! Kumbe Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF (namba 13 na 10), Linux inatosheka na LF peke yake. Kihariri changu kilizigeuza zote nilipohifadhi. Nani mwingine yamemkuta?

Wa Gulu: Mimi skripti ya bash, ile programu inayoendesha amri kwenye Linux. Nimeiandika kwenye Windows, seva ya Linux ikadai bash haipo. Haipo vipi na naiona? Nikaisanikisha upya mara mbili, msinicheke. Kumbe CR ilikuwa imeng'ang'ania mwisho wa mstari wa kwanza, unaotaja programu ya kuiendesha skripti, seva ikawa inatafuta programu yenye jina hilo pamoja na huo mkia. Nikapitisha dos2unix, programu ya kuondoa hizo CR, ikakubali papo hapo.

Wa Mbale: Banange, yangu ilinitia aibu. Orodha ya wakulima wa kahawa wa chama chetu, faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), namba ya simu ikiwa safu ya mwisho. Mfumo wa meseji ukakataa zote, eti zina herufi 11. Nahesabu kwa kidole, 10. Nikaanza kuwapigia wazee mmoja mmoja: "Mzee, namba yako ndiyo hii?" "Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu, si ndiyo umenipigia?" Baada ya mzee wa saba nikafungua faili kwa cat -A, amri inayoonyesha herufi zilizofichika, nikaona ^M, yaani CR, imekaa mwisho wa kila namba.

Wa Ntinda: Zamani, kabla Notepad ya Windows haijajifunza kusoma LF mwaka 2018, mwenzangu alinitumia faili nikaiona mstari mmoja mrefu. Nikamgombeza, nikakaa kuikata kwa Enter. Nilipomrudishia, skripti yake hiyo ikamgomea yeye kwa CR za Enter zangu.

Mwanzilishi: Wa Gulu, dos2unix kila mara ni kukumba maji na tundu la mtumbwi liko wazi. Kwetu kila mtu alikuwa na core.autocrlf yake, mpangilio wa Git wa kugeuza miisho ya mistari. Tumeweka .gitattributes, faili ya kanuni za mradi mzima, yenye `* text=auto eol=lf`, kisha `git add --renormalize .` ya kusawazisha faili zilizokuwapo, tukaiwekea komiti (rekodi ya mabadiliko) yake peke yake ili isichanganyike na kazi nyingine.

Wa Gulu: Na faili zangu za .bat, skripti za Windows?

Mwanzilishi: Hizo ziachie CRLF (CR na LF pamoja), ongeza `*.bat eol=crlf` chini yake. Zikipata LF tupu zinaweza kukugomea.