Mrejesho: yule fundi cherehani wa Moshi anayefunga masaa 16

Wakuu, niliuliza: nala saa mbili usiku, sili tena mpaka saa sita mchana. Ikifika saa nne kichwa kinagonga, napima kitambaa mara tatu na bado nakata vibaya. Suruali mbili za wateja nimelipa mimi.

Dada mmoja akasema si njaa, ni chai niliyoacha ghafla. Mwili uliozoea kafeini ya kwenye chai ukinyimwa, kichwa huuma. Kweli bwana! Nimerudisha chai ya rangi bila sukari, na maji. Siku ya pili kimetulia. Njaa yenyewe huja kama wimbi, nikiendelea kushona inapita.

Ila siku ya kubeba majora ya vitenge miguu inalegea. Siku hizo nakunywa mtori asubuhi, ushujaa sitaki.