Siku mbili Chandigarh, natokea Delhi: nianzie wapi?

mwana_chumbageni (Tanga)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo vipi. Mwezi wa 11 nitakuwa Delhi kikazi, na nina siku mbili za wazi, Jumapili na Jumatatu. Nataka kuzimalizia Chandigarh, ule mji uliochorwa na msanifu majengo Le Corbusier, uliogawanywa kwa sekta zenye namba. Nasikia Capitol, eneo la majengo ya serikali, lina ulinzi na mtu hajiendei tu. Halafu ramani inanivuruga: Sekta 17 imepakana na 22, sasa 18 imekwenda wapi? Na je, kwa miguu inawezekana, kama tunavyoikata Ngamiani toka barabara ya kwanza hadi ya ishirini?

zege_tupu

Panga Capitol kwanza, mengine yafuate. Iko Sekta 1, juu kabisa ya mji, na huingii bila kundi la mwongozaji. Unajiandikisha kwenye ofisi ya watalii, pembeni ya maegesho ya Mahakama Kuu. Misafara ni mitatu kwa siku: saa nne asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Hakuna kiingilio. Wanachotaka ni pasipoti yenyewe mkononi, si kopi wala picha kwenye simu. Wengi hukwama hapo, maana kitabu wamekiacha hotelini kwa usalama. Fika nusu saa kabla.

Ndani kuna majengo matatu. Sekretarieti ni ule ukuta mrefu, mita 254. Jengo la Bunge linatumiwa na majimbo mawili, Punjab na Haryana, kila moja na ukumbi wake, kwa sababu Haryana ilipomegwa mwaka 1966 wote wawili waliutaka mji na wote wakaupata. Mahakama Kuu nayo wanagawana. Bunge likikaa au ulinzi ukikazwa, ndani panafungwa na mnaishia uwanjani, kwa hiyo usiipange Capitol saa za mwisho mwisho za safari yako. Ukifungiwa siku ya kwanza, ya pili ipo.

Sasa ukifika mbele ya Mahakama, usikimbilie kupiga picha zile nguzo tatu za kijani, njano na nyekundu. Rudi nyuma uangalie paa. Ni mapaa mawili: la chini linafunika vyumba, la juu limebebwa kama mwavuli na katikati upepo unapita. Jua linamalizia hasira zake kwenye zege la juu. Mbele ya madirisha kuna vile vizimba vya zege. Watu huvidhani mapambo, kumbe ndiyo mapazia: kina chake kimepimwa ili jua kali la kiangazi lisifike kwenye kioo, na la baridi, ambalo hukaa chini, liingie. Mnara wa Vivuli ulio uwanjani ni somo hilohilo peke yake. Ingia ndani yake na msafara wa saa tisa utaona.

Halafu pitisha kiganja ukutani. Hakuna plasta. Alama za mbao za fomu ambamo fundi alimwagia zege bado zimo, mpaka maungio yake. Usitegemee kukuta unyororo, zege lenyewe lina madoa ya mvua za miaka sabini hivi.

pedali_mbili

Hilo la 17 na 22: namba zinakwenda kama mtu analima kwa plau. Anafika mwisho wa shamba, anageuka, anarudi. Safu moja inahesabiwa kwenda, inayofuata kurudi, ndiyo maana 17 inapakana na 22, na 10 inapakana na 16. 18 iko ubavuni mwa 17, hukuiona kwa sababu ulikuwa unashuka. Sekta 13 Corbusier aliiruka. Miaka ya karibuni jina hilo wamekuja kulibandika Manimajra, kwa hiyo ramani za zamani na mpya hazisemi kitu kimoja.

Anwani zina herufi pia: Sekta 22-C, kisha namba ya nyumba. Dereva wa bajaji mpe sekta, herufi na kitu cha jirani. Ukimpa jina la hoteli tupu atakuzungusha, na si kwa ubaya.

Kuhusu miguu, futa mawazo ya Ngamiani. Sekta moja ni mita 800 kwa 1,200. Na tofauti kubwa si urefu. Ngamiani nyumba zinatazama barabara: kuna duka, kuna baraza, kuna mtu wa kumuuliza. Chandigarh sekta inaipa barabara kuu mgongo. Barabara hizo zinazoizunguka, wenyewe wanaziita V3, ni za magari ya kasi, hakuna mlango wa nyumba unaofunguka hapo. Utatembea kilometa nzima pembeni ya ukuta na miti, unafika kipilefti, unaanza ukuta mwingine. Mgeni anaona mji umekufa. Mji haujafa, uko ndani.

Dawa yake ni kuingia. Kila sekta inakatizwa na barabara ya maduka, V4: ndiko kwenye duka la dawa, mgahawa, fundi cherehani. Maduka yamepangwa upande mmoja tu, ule wa kivuli. Na katikati ya sekta unapita ukanda wa bustani wenye njia ya miguu, unaelekea milimani. Mtu wa Tanga na baiskeli yake angefurahi huko, kuliko kwenye V3.

Kipande kimoja kizuri cha miguu: anzia makumbusho Sekta 10, shuka bustani ya mawaridi Sekta 16, vuka kwa njia ya chini ya barabara utokee uwanja wa Sekta 17, ambao magari hayaingii. Hapo mpaka Capitol, kama kilometa nne, chukua bajaji au gari la kuita kwa simu. Kubalianeni bei kabla hujakaa.

binti_makorora

Kaka, mmesahau karatasi. Viza inaombwa mtandaoni. Beba na kadi ya njano ya homa ya manjano. Ukipitia Nairobi au Addis Ababa, India wanazihesabu Kenya na Ethiopia kuwa nchi za hatari, na asiye na kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Chanjo inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, usiichome wiki ya safari.

Treni: Shatabdi ya asubuhi inatoka stesheni ya New Delhi (si Old Delhi) saa moja na dakika 40, saa tano unashuka Chandigarh. Kwa hesabu hiyo msafara wa saa sita ni wa kubahatisha, wa saa tisa ndio wako. Tiketi kwa simu inasumbua bila namba ya India. Ndani ya stesheni ya New Delhi, ghorofa ya kwanza, kuna ofisi ya tiketi za wageni. Atakayekuambia imefungwa au imehamia mtaa wa pili, mpite kama hujamsikia. Mwezi wa 11 hali ya hewa ni nzuri. Desemba na Januari ukungu huchelewesha treni kwa masaa.

Nyumba ndogo za wageni nyingine hazipokei mtu wa nje, uliza kabla ya kulipa. Na ukitafuta swala, Msikiti wa Jamia uko Sekta 20.

mwana_chumbageni

Asanteni sana. Basi Jumapili Capitol saa tisa, Jumatatu makumbusho na lile kumbusho la Corbusier Sekta 19?

zege_tupu

Geuza. Jumatatu makumbusho ya Sekta 10 yamefungwa, na Kituo cha Le Corbusier cha Sekta 19 hali kadhalika. Jumapili ukishuka treni, bajaji moja kwa moja hadi Sekta 19. Ndiyo ofisi ya zamani ya wachoraji wenyewe, utaona barua, michoro, na viti vya Pierre Jeanneret, binamu yake Corbusier, vyenye miguu ya V iliyopinduliwa. Kisha Sekta 10, mawaridi, 17 jioni. Jumatatu saa nne asubuhi uwe Capitol na pasipoti.

Ukitoka hapo nenda Rock Garden, bustani ya sanamu, ni jirani na Jumatatu iko wazi. Nek Chand alikuwa mkaguzi wa barabara wa serikali. Kuanzia 1957 aliijenga kwa siri kwa vigae, bangili na masinki yaliyotupwa, mpaka ikafunguliwa rasmi 1976. Milango yake ni mifupi, utainama. Vaa viatu visivyoteleza, vijia vina majimaji.

pedali_mbili

Na sigara uiache Delhi, Chandigarh ni marufuku hadharani.