Kampuni za hostingi, ondoeni hiyo tiki ya "Java" kwenye vifurushi vyenu. Mnatupiga mchana kweupe!

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite tu.

Kuna kampuni ya hapa hapa Dar inauza hostingi, yaani nafasi kwenye seva ya kuwekea tovuti. Kwenye ukurasa wao wa bei kuna lile jedwali la vifurushi mnalolijua: PHP tiki, MySQL tiki, barua pepe tiki, SSL ya bure tiki, Java tiki. Tiki ya kijani kabisa. Mimi nina mteja, SACCOS ya watumishi, wanataka wanachama waone akiba zao na waombe mkopo kwa simu bila kwenda kupanga foleni mlangoni kwa mhasibu. Mfumo uko tayari, umeandikwa kwa lugha ya Java, juu ya Spring Boot 3 (zana ya kujengea programu za Java). Kabla ya kulipa nikapiga simu nikauliza kama kifurushi kile kinaendesha programu za Java. "Ndiyo kaka, Java ipo." SACCOS ikalipa ya mwaka mzima, kwa sababu ya mwezi mmoja mmoja hawauzi.

Nilichopewa ni cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) ya kawaida, ile ile ya kuwekea WordPress. Nikatafuta pa kuwasha programu ya Java, hakuna. Nikafungua tiketi. Jibu la kwanza: "Ndugu mteja, Java inafanya kazi kwenye seva zetu zote, hata menyu za tovuti yako zitafunguka vizuri." Menyu! Huyu anazungumzia JavaScript, inayoendeshwa na kivinjari cha mtu kwenye simu yake mwenyewe na haiihusu seva yao hata chembe. Hili nalisamehe, kijana wa zamu hakufundishwa. Lakini aliyeweka tiki kwenye jedwali naye hakufundishwa?

Sasa sikilizeni lililofuata, maana hapa ndipo nilipotaka kupanda daladala niwafuate ofisini. Niliwaandikia kwamba nina faili la WAR (programu nzima ya Java iliyofungwa pamoja) na linahitaji Tomcat, seva ya kuendeshea programu za Java. Wakasema nitume, watanisaidia kuliweka. Nikatuma kwa njia waliyonielekeza. Baada ya muda nikaambiwa "tayari". Nafungua tovuti, naona orodha ya mafaili, na katikati yake faili langu la WAR limekaa ndani ya public_html, folda iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Ukilibonyeza, linashuka kwenye simu yako. Mtu yeyote duniani angeweza kulishusha.

Kwa wasiojua, WAR ni zip iliyobadilishwa jina tu. Ukiifungua unakuta folda ya WEB-INF, ndani yake classes, na ndani ya classes mara nyingi lipo faili la application.properties lenye jina la databesi, jina la mtumiaji na nywila yake. Tomcat inajua kwamba WEB-INF haionyeshwi kwa mgeni hata siku moja. Apache, seva ya kurasa ya kwenye cPanel, haijui hilo, inaona faili kama mafaili mengine, inaligawa. Kwa hiyo fundi wa kampuni inayouza "Java" alichukua funguo za mfumo wa akiba za watu akaziweka barazani, halafu akafunga tiketi akaandika "imetatuliwa". Bahati databesi ilikuwa bado na data za majaribio. Nimebadilisha kila kitu. Sijaombwa radhi mpaka leo.

Jina la kampuni sitalitaja, msinisumbue PM. Bado nafuatilia pesa ya watu, na isitoshe nimepita kurasa za bei za kampuni nyingine, tiki ni ile ile.

Tuelewane kwanza kwa nini nasema ni uongo na si kutoelewana. PHP inaamka ombi linapoingia, inatoa ukurasa, inaachia kila kitu ilichoshika. Hostingi ya pamoja imejengwa juu ya hilo: mamia ya wateja kwenye mashine moja, mwenye mashine anajua wengi muda mwingi wamelala. Java haiendi hivyo. JVM (injini inayoendesha programu za Java) inawashwa mara moja na inatakiwa ibaki hewani usiku na mchana, imeshika kumbukumbu yake, ina mawasiliano yaliyo wazi na databesi, inasubiri maombi. Kwa hiyo mteja mmoja wa Java anakalia nafasi hata kama tovuti yake haina mgeni. Ni gharama, naelewa, na bei haiwezi kuwa sawa na ya WordPress. Hata CloudLinux, mfumo endeshi wa seva ambao kampuni nyingi za hostingi ya pamoja huuweka, una sehemu ya mteja kuchagua toleo la PHP, Python, Ruby na Node.js. Java haimo. Muuzaji yeyote wa cPanel anaiona hiyo orodha kila siku. Halafu anaweka tiki.

Basi nikakomaa nao. Wakanifungulia terminali. Naangalia toleo la Java: 1.8. Java 8 ilitoka mwaka 2014! Spring Boot 3 ilipotoka Novemba 2022 ilisema wazi kwamba inataka kuanzia Java 17. Nawasha, napata UnsupportedClassVersionError, faili limetengenezwa kwa toleo la 61.0 na Java yao inafika mwisho 52.0. Namba hizo ziko wazi kwenye ujumbe, 61 ni Java 17 na 52 ni Java 8, wala hazihitaji mganga. Jibu la tiketi: "Tafadhali wasiliana na aliyekutengenezea programu." Aliyetengeneza ni mimi, ninayewaandikia!

Wakaja na Tomcat. Tomcat 8.5, ya kuchangia na wateja wengine, wote ndani ya JVM moja. Toleo la 8.5 lilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 31 Machi 2024, ikipatikana tundu jipya la usalama hakuna wa kuliziba. Na kumbukeni Ghostcat ya Februari 2020, lile tundu la poti 8009 ya AJP, ambalo mtu wa nje alikuwa anaweza kusoma mafaili ya ndani ya programu yako. Ile ilizibwa kwenye 8.5.51. Nikauliza yao ni 8.5 ya ngapi. Kimya.

Tukaipakia. Hakuna kosa kwenye logi, Tomcat inasema imepokea, ukifungua tovuti unapata 404. Fundi wao akafurahi sana: "Unaona, Tomcat iko sawa, shida ni msimbo wa programu yako." Wakuu mliopo jikoni mshajua tatizo. Oracle ilipoikabidhi Java EE (Java ya programu za seva) kwa Eclipse Foundation, jina la javax halikutoka nayo, ndiyo maana kuanzia Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 majina yote ya javax.servlet yakawa jakarta.servlet. Tomcat 9 kushuka chini inatafuta javax. Tomcat 10 kwenda juu inatafuta jakarta. Ukiweka programu ya Spring Boot 3 kwenye Tomcat 8.5, Tomcat haioni mahali pa kuanzia, kwa hiyo hailalamiki, inakaa tu na 404 yake. Mtu anayeuza Java kwa pesa alipaswa kulijua hili kabla yangu.

Mwisho wakaniruhusu niwashe mwenyewe, kwenye poti ya ndani, wao wapitishe maombi kutoka Apache. Java 17 nikajiwekea kwenye folda yangu (Temurin ya bure, msije mkadhani lazima umlipe Oracle). Ikawaka, wanachama wakaanza kuingia, nikasema sasa tumefika.

Hatukufika. Jioni watu wakitoka kazini na kuingia kwa wingi, programu inakufa. Hakuna kosa kwenye logi, mstari wa mwisho ni ombi la kawaida kabisa, halafu giza. Ni kama kupanga fremu Kariakoo halafu mwenye nyumba anakuja kuteremsha geti kila wateja wanapojaa. Nikauliza kikomo cha kumbukumbu cha akaunti yangu. Wiki nzima ya kuzungushwa, mwishowe wakataja: MB 512 kwa akaunti nzima. Kwenye jedwali la bei hakuna neno hata moja kuhusu hiyo namba. Kuna "trafiki bila kikomo". Trafiki bila kikomo naifanyia nini kama kinachopokea hiyo trafiki kinauawa?

Wakasema programu yangu inavuja kumbukumbu. Haivuji. Ukiiambia JVM -Xmx256m, umeweka mpaka wa hipu (kumbukumbu ya data za programu) peke yake. Nje ya hipu kuna metaspace inayobeba madarasa, kuna msimbo uliotafsiriwa wakati wa kukimbia, kuna bafa, na kila thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) inatengewa hadi MB 1 ya staki kwenye Linux ya biti 64. Tomcat iliyomo ndani ya Spring Boot inaruhusu hadi thredi 200 usipoigusa. Na usipoweka -Xmx kabisa ni balaa zaidi: JVM inaangalia mashine ina RAM kiasi gani na kujipa ruhusa ya robo yake. Ikiona GB 64 za mashine nzima badala ya kikomo chako, inajiona ina GB 16, inapanda bila wasiwasi mpaka inakatwa kichwa. Kuanzia Java 10, na 8u191 kwa wa zamani, JVM inajua kusoma mipaka ya kontena, lakini ni lazima kikomo kiwe kimewekwa kwa njia inayoonekana kwake.

Nikapunguza thredi, nikabana hipu, ikatulia kidogo. Halafu likaja jingine: OutOfMemoryError, unable to create native thread. Kumbukumbu ipo, safari hii ni kikomo cha idadi ya michakato ya akaunti, na thredi za Java zinahesabiwa humo humo. Namba hiyo nayo haijaandikwa popote.

Ikifa, nani anaiwasha? Hakuna. Systemd, inayowasha upya programu za seva, siwezi kuigusa. Nimeandika kiskripti cha cron kinachochungulia kila baada ya dakika tano na kuiwasha kama imelala. Hizo dakika katikati, mwanachama anarejesha mkopo kwa simu, pesa inakatwa, meseji inaingia, taarifa ya malipo inakuja kwenye seva inakuta mlango umefungwa. Kesho yake mhasibu anapigiwa simu na mtu mzima anayelia kwamba amelipa na deni liko pale pale. Mhasibu ananipigia mimi. Mimi nawapigia wao. Wao wananiambia nihamie VPS, seva pepe ya mteja mmoja.

VPS! Inayouzwa bei mara kadhaa ya nilicholipa, na pesa ya kwanza "kwa mujibu wa masharti" hairudi. Sasa kama jibu la Java ni VPS, ile tiki kwenye hostingi ya pamoja ilikuwa ya nini?

Najua watakuja wawili hapa chini. Wa kwanza atasema "andika kwa PHP". Mkuu, mfumo umeshaandikwa, umekaguliwa, una majaribio yake. Siwezi kuuandika upya kwa sababu muuzaji alidanganya kwenye jedwali. Wa pili atasema "nenda nje, kuna seva za bei chee Ulaya". Nje napajua, nilikuwa Heroku (huduma ya nje ya kuendeshea programu) mpaka walipofuta mpango wa bure Novemba 2022. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini mlikuwa wapi? Intaneti ya Tanzania ilikuwa ya kuomba Mungu, na mwanachama aliyeko Ilala alihitaji njia ya baharini ili aone salio linalotunzwa na ofisi iliyoko Ilala hiyo hiyo. Seva ikiwa hapa, trafiki inaweza kupita kwenye kituo cha kubadilishana cha TIX bila kugusa bahari. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na bodi ya SACCOS haitaki hata kusikia kwamba majina na madeni ya watu yako nchi nyingine. Nataka kulipia ya nyumbani, kwa shilingi, na risiti ya EFD. Ndiyo maana inaniuma.

Ninachodai ni kidogo. Andikeni Java toleo gani. Tomcat toleo gani, na ni ya kwangu peke yangu au ya kuchangia. RAM kiasi gani kwa mchakato mmoja, michakato na thredi ngapi, ikifa nani anaiwasha, na logi naisomea wapi. Mkishindwa kujaza hayo, futeni tiki, uzeni WordPress kwa amani, hakuna atakayewagombeza.

Mwenye VPS ya ndani inayotulia, GB 2 kwenda juu, aseme na bei anayolipa. Nawasilisha.

NYONGEZA: Mdau ameuliza atajuaje kama faili lake limeanikwa. Fungua kivinjari ambacho hujaingia popote, andika anwani ya tovuti yako ikifuatiwa na jina la faili lako la WAR. Likishuka, lifute public_html sasa hivi, kisha badilisha nywila ya databesi, ya barua pepe ya mfumo na funguo za malipo. Kufuta peke yake hakutoshi, hujui nani alishalichukua. Angalia na nakala za zamani zenye mwisho wa .bak au .old, mimi nilikuta waliacha moja.