Nikubali kuwa sungura, au niendelee kujitafutia jina?

Kijana wa Kamariny:
Hamjambo wanariadha na mashabiki. Nina miaka 27, nafanyia mazoezi hapa Iten, na nusu marathoni yangu bora ni 1:02:50. Kijijini huniita Kipchoge, kama yule bingwa wa marathoni. Mama akiuza viazi huwatangazia wateja kwamba mwanawe yuko karibu kupanda ndege.

Sasa ndege imepatikana, ila si ile aliyoitangaza. Meneja mmoja anataka niende Ulaya kama sungura, mdhibiti kasi. Niwaongoze kina dada wanaotafuta kumaliza marathoni kwa saa 2 na dakika 20, hadi kilomita 30, kisha nitoke barabarani. Nalipwa kundi likifika hapo kwa kasi tuliyokubaliana.

Kambini wamecheka. Mmoja kaniuliza kama nitawabebea na pochi. Kocha amenyamaza, na kocha wetu akinyamaza ujue ana neno. Kicheko nakivumilia. Ninachoogopa ni kwamba nikishajizoesha kuwa msaidizi, akili itakubali hapo ndipo kimo changu, basi nisitoke tena. Na kakangu anayenilipia chumba ameanza kuuliza maswali. Nikikataa, najiheshimu au najidanganya?

Saa Mkononi:
Kijana, tuweke jina la Kipchoge kando tupige hesabu. Sabastian Sawe alikimbia marathoni yake ya kwanza Valencia mwaka 2024, 2:02:05. Gawa mara mbili unapata 1:01:02. Yaani nusu moja ya mbio zile, kwa wastani, inaishinda mbio yako bora kwa karibu dakika mbili, na yeye bado alikuwa na nusu nyingine ya kukimbia.

Utaambiwa sungura nao hushinda. Ni kweli. Simon Biwott alichukua Berlin 2000 akiwa sungura. Mwaka 2003, Berlin hiyo hiyo, Paul Tergat alivunja rekodi ya dunia kwa 2:04:55, na sungura wake Sammy Korir akamaliza sekunde moja tu nyuma. Sawe mwenyewe, Januari 2022, alipelekwa Sevilla kuvuta wenzake kwenye nusu marathoni, akapitiliza hadi utepe kwa 59:02. Lakini tunawataja hawa kwa majina kwa sababu ni wachache. Na aliyepitiliza alikuwa na 59 miguuni, si 62.

Sungura Mstaafu:
Hao wanaocheka hawajawahi kuifanya kazi yenyewe. Marathoni ya 2:20 ni dakika 3:19 kwa kila kilomita. Si 3:12 kwa sababu mashabiki wamepiga kelele, si 3:25 kwa sababu umeona kilima. Ukimkimbiza dada wa watu mapema, analipia kosa lako huko kilomita ya 35 ukiwa umeshavaa jaketi. Unakimbia na masikio yakiwa nyuma: pumzi ikibadilika, hugeuki, unalegeza kidogo tu. Upepo ukija mbele, ukuta ni wewe. Kwenye meza za maji unapita upande wa nje ili afikie chupa yake bila kukukanyaga. Mimi nilijifunza kukimbia kwa akili nikiwa kwenye kazi hiyo. Kabla ya hapo nilikuwa natoka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, nafia njiani.

Halafu kumbuka Vienna 2019. Sungura 41 walipokezana mbele ya Kipchoge hadi akamaliza kwa 1:59:40. Bernard Lagat, bingwa wa dunia wa mita 1500 na 5000 mwaka 2007, alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyemuuliza pochi iko wapi.

Dada wa Kaptagat:
Mimi ni mmoja wa hao kina dada, kwa hiyo asante kwa kutufikiria. Sungura mzuri ana thamani kwetu kuliko viatu vipya.

Kaka, maswali mawili. Kwanza, hiyo 1:02:50 uliikimbia wapi? Pili, mkataba unasemaje ukijisikia vizuri pale kilomita ya 30: unaruhusiwa kumaliza au lazima utoke? Uliza pia nani analipia viza na tiketi, na kama ukikatika kilomita ya 25 unapata chochote. Hayo ndiyo ya kukunyima usingizi, si kicheko.

Na kuhusu Kipchoge, watu husahau kwamba mwaka 2012 alikosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki. Alishawahi kuwa bingwa wa dunia wa mita 5000, mwaka 2003, na bado akaachwa nyumbani. Hakuacha kutaka kuwa wa kwanza, alibadilisha umbali. Aprili 2013 akashinda Hamburg.

Kijana wa Kamariny:
Asanteni. Niliikimbia Eldoret, dada. Sijawahi kushindana mahali palipo chini ya mita 2000 kutoka usawa wa bahari.

Saa Mkononi:
Ungeanza na hilo! Mimi nimelinganisha Eldoret na Valencia, hewa mbili tofauti, barabara mbili tofauti. Kule chini, ambako hewa si nyepesi kama huku, unaweza kupunguza dakika nzima, pengine zaidi. Dakika nne za kukufikisha 59, sahau. Kwa hiyo wewe si Kipchoge na wala si wa kubeba pochi. Huyo wa katikati ni nani, hata kocha wako hajui, labda ndiyo maana kanyamaza. Nenda, na umwombe meneja nusu marathoni moja huko huko tambarare, ukimbie mwenyewe.

Kijana wa Kamariny:
Nimempigia meneja. Kumaliza amekataa: nitoke kilomita ya 30, basi. Nusu marathoni amesema atanitafutia wiki kadhaa baadaye ikiwa kazi ya kwanza itaenda sawa, ila nitajilipia chumba. Hilo la chumba nimemfikishia kakangu. Ameguna tu, ila hajakataa. Kocha naye amesema neno moja, "3:19", akaniondolea mbio za kasi za Alhamisi.

Sungura Mstaafu, saa inayopima kwa setilaiti huwa inadanganya kwenye vichochoro vya mji, sivyo? Wewe ulikuwa unafuata saa au vibao vya kilomita?